Nani Atapokea Mahari ya Merveille

Kauma, Lilongwe
4 Novemba 2025

Mama yangu mupenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mguu wako unaendelea namna gani? Bado unavimba wakati wa joto? Mi niko muzima, kula nakula, kazi iko. Nashona kwenye baraza ya mama mumoja wa hapa Kauma, na mwezi huu bantu ba harusi banatuletea vitenge mpaka vidole vinauma.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatuelewani. Nikianza tu kusema, unasema rezo ni mbaya na unakata. Barua hautaikata. Na kuja mwenyewe naogopa, nikiingia kambi ya Dzaleka siku hizi ruhusa ya kutoka tena inaweza kukosa. Kwa hiyo nimempa Alimasi, ule muchuuzi wa Kindu mwenye anakuya soko ya Tsoka kuchukua mali ya duka lake la Dzaleka. Kama barua inanuka samaki, ni yeye.

Mama, neno ni hili. Rodrigue anataka kunioa. Unamjua, ni yeye mwenye anapiga gita katika kwaya yetu, mutoto wa Bukavu. Familia yake iko tayari kuleta mahari. Baba mudogo Guy iko hapo Dzaleka pamoja na wewe, ni ndugu ya Papa, tumbo moja. Naomba apokee mahari pa nafasi ya Papa. Ni hiyo tu. Sema ndiyo, Mama.

Mutoto wako,
Merveille


Dzaleka
12 Novemba 2025

Merveille mutoto wangu,

Amani ya Bwana ikae na wewe. Barua ilifika, na ilinuka samaki kweli. Mguu unavimba lakini unatembea. Na wewe, kula gani hiyo unakula? Jirani yangu Odette alikuona Tsoka, anasema umebaki mifupa. Hata kama nsima haina ladha ya ugali wa kwetu, meza.

Rodrigue ni kijana muzuri, sina neno naye. Lakini Guy kupokea mahari yako, hapana. Kwetu, baba akiwa hai, hakuna mwingine anaweza kupokea mahari ya binti yake. Ndugu yake anapokea kiisha kilio tu, baba akishazikwa. Siku Guy atasimama mbele ya familia ya Rodrigue na kusema "tumepokea", bantu bote batasikia kwamba Papa yako alikufa. Na mi, bibi yake, nitakuwa nimekaa pale nakubali kwa kichwa.

Umesahau ile siku tulikimbia kwetu? Mi sikusahau. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa soko, kijiji kizima kikatoka. Barabarani baaskari ba serikali balitupita, banakimbia kuliko sisi, na mumoja akamuomba Papa yako shati ili avue nguo ya kazi. Papa akavua, akampa. Akaniambia, "Mama Merveille, ona, nchi inaniomba shati." Tukacheka, mi na yeye, na risasi zinalia. Kiisha akakumbuka ng'ombe yake yenye ilikuwa karibu kuzaa, aliiacha imefungwa. Akasema, "Tangulieni, nitabakuta Uvira." Akarudi na singlendi tu mwilini.

Ule muntu hakunidanganya hata siku moja. Alisema atatukuta. Uvira hakutukuta, basi atatukuta huku. Kila mara camion, ile lori ya wakimbizi, inaleta bantu ba mupya, mi naenda kuuliza. Iko benye bananicheka. Bacheke.

Mungojeni, we na Rodrigue.

Mama yako


Kauma
20 Desemba 2025

Mama,

Shikamoo, na Noeli njema. Natumaini uko muzima. Nimechelewa kujibu. Niliandika barua mbili, zote nikazipasua kwa sababu zilikuwa na maneno yenye mutoto haambii mama yake.

Mi pia nilikuwa kwenye ile barabara. Unasimulia kama nilikuwa sipo. Mi njo nilikuwa nimebeba sufuria, mi njo niliona mugongo wake akipanda tena kilima, na sikumuita. Namukumbuka Papa. Akileta muntu shati ya mwanaume kwenye baraza, nikishika kola nawaza shingo yake. Alikuwa ananiita Docteur hata kiisha shule kunishinda, mbele ya bantu, bila haya. Usifikiri ni wewe peke yako unangoja.

Lakini Mama, Rodrigue anangoja pia, na familia yake inangoja. Banatuheshimu. Tena kaka yake mukubwa amesema wazi: mpaka Pasaka. Kwaresima ikiisha bila jibu letu, batamuposea binti wa kule Madisi, familia yenye baba iko. Rodrigue anasema hataki, anapigana na kaka yake kila siku ya Mungu, lakini atapigana mpaka lini?

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kweli. Unamupenda Papa kuliko mi?

Merveille wako


Dzaleka
23 Januari 2026

Merveille,

Habari ya mwaka mupya. Huku mvua inanyesha, matope mpaka kwenye kitanda. Mi muzima, kikohozi kidogo tu. Nashukuru ile kitenge ulinishonea, inanikaa vizuri, kwa mara ya kwanza umekumbuka kama mi niko na matako.

Nina habari. Jean-Baptiste amefika, ule mwenye nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, pale kwa migomba. Nilimushika mukono hata mbele hawajamupa blanketi. Maskini ya Mungu, alifikiri namusalimia, kumbe nilikuwa namufunga.

Anasema nyumba yetu haina tena mabati. Ng'ombe aliiona, iko kwa bantu bengine, na katoto yake. Papa yako hakumuona, wala muzima wala amekufa. Aliuliza kwa parokia, hawakumuzika. Aliuliza benye balibaki, iko benye banasema alipita upande wa musitu, bengine banasema hakufika hata kwa nyumba. Nikamuuliza mara ya pili, akanijibu ile ile. Mara ya tatu bibi yake akaniomba nimuache alale.

Guy alikuya na Espérance bibi yake. Anasema: ng'ombe bila mwenyewe, inatosha, tupange kilio. Nikamuambia muntu anaweza kupoteza ng'ombe na yeye akapona. Akasema tena. Nikabafukuza, na ile chai yao bakaiacha.

Unaniuliza kama namupenda kuliko wewe. Swali mubaya hiyo, mutoto hapimi hivyo. Nakujibu hivi: nikilia kilio cha Papa yako leo, kesho nikiamuka nitakuwa nangoja nini? Huku hatulimi ya kutosha, hatuendi pahali, hatuna kwetu. Niko na kitu kimoja tu cha kufanya, njo kumungoja. Unataka niache hiyo pia.

Usinikasirikie sana.

Mama yako


Kauma
1 Machi 2026

Mama yangu,

Salamu. Kikohozi kimeisha? Hapa tuko salama.

Nimemuambia Rodrigue aende. Tulikuwa tunatoka misa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda bila kuniaga. Tangu siku ile, kwa kwaya hakukuya tena.

Sikufanya hivi ili kukuumiza. Nimechoka tu kukusukuma. Mama wa baraza alinipa kushona robe ya harusi ya binti yake, nikamuomba aipe mwingine. Amekubali, zikomo, asante yake kubwa.

Basi tutamungoja Papa pamoja, hata miaka kumi, hata kama nitazeeka. Nikipata ruhusa nitarudi Dzaleka nikae na wewe. Tutaenda kwa camion sisi wawili, nitakushika mukono kwenye matope. Usijisikie vibaya. Kula nakula.

Mutoto wako,
Merveille


Dzaleka
20 Machi 2026

Merveille mutoto wangu, Docteur ya Papa yako,

Keti kwanza. Mi muzima, kikohozi kimeisha. Papa yako alikufa.

Hapana, hakuna habari mupya. Jean-Baptiste hakuongeza neno. Ni mi njo nilisema.

Barua yako niliisoma mpaka Odette akaninyang'anya. Yenye iliniua ni ile ya miaka kumi. Nikakuona pembeni yangu kwenye matope, na mvi, unauliza bantu habari. Mi nilimupata Papa yako. Nilikaa naye, nilicheka naye, nilimuzalia. Niko na muntu wa kungoja. We ungekuwa unangoja bure, na ningekuwa nakuangalia.

Nikaenda kwa Guy, nikasema, "Haya, tulie ndugu yako." Ule Guy mwenye alikuwa ananisumbua, yeye njo alianguka chini wa kwanza, analia. Hata mi nilishangaa. Kumbe na yeye alikuwa anangoja.

Tuliketi chini siku tatu. Bamama ba parokia balileta mikeka, balipika, Barundi ba jirani balileta kuni. Alimasi alikuya na Waislamu benzake, balikaa nje mpaka jioni. Balinivalisha nguo nyeusi ya Odette, inanibana. Na katekista akaniuliza tarehe yenye alikufa, ataje katika sala. Sikuwa na tarehe. Nikampa ile siku alirudi juu ya kilima. Akaandika. Sikuwahi kusema uongo mukubwa kama ule, tena mbele ya musalaba, na sikuona haya.

Sasa Guy iko na haki. Nilimutumia Rodrigue neno kupitia Alimasi mbele ya kukuambia wewe, unisamehe. Jibu lake limefika: hajaenda Madisi, hajaenda pahali popote. Kijana hasikii, na ninamupenda kwa ile. Kaka yake amekubali. Bakuye Jumamosi kiisha Pasaka.

Lakini kilio bila mutoto wake haijaisha. Mi nilisema amekufa kwa kinywa, machozi hayakutoka, bantu balifikiri niko na nguvu. Lia wewe, huko Kauma, lia kwa sisi wawili, kiisha osha uso na ukuye. Na kama siku moja anatokea mulangoni, usikimbie. Niachie mi. Nitamuambia, "Nilikuzika ili mutoto aolewe." Atakasirika. Nitamuacha akasirike, anipigie kelele mpaka bajirani batoke, na mi nitakaa tu namusikiliza.

Mama yako