Neno la Babu Yako Barazani

Mjukuu wangu Salum, mume wangu uliye mbali huko Lamu,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Dada yako Zuhura kaposwa.

Umeniuliza babu yako, jumbe wa Bagamoyo, alikuwa akisema nini barazani. Hakuwa na maneno mengi. Mwaka ule wa ukame majumbe walitaka kuwafungia wapagazi wa bara kisima cha mji. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, napika kahawa. Babu yako alinyamaza mpaka kikombe kikamfikia, ndipo akauliza, "Na hao wasiokuwepo hapa, wangesemaje?" Kisima hakikufungwa.

Jana tulikaa kuijadili posa ya Zuhura. Nikapatazama pale alipokuwa akikaa babu yako, moyo ukanijaa. Yeye hayupo, na wewe hupo. Posa hatujaijibu, mume wangu. Tunangoja neno lako.

Bibi yako