Mutoto Hapana ku Mugongo

Mama yangu wa kule Kampemba,

Sasa hivi tu mujukuu yako Gracia amepiga firimbi mu sikio ya shemeki, ndugu ya bwana yangu, mupaka kikombe ya chai imemuanguka! Ile firimbi imefungwa ku gilet yake ya kuelea, juu leo tunaenda kuvua samaki na pirogue, ile mutumbwi, hapa Muanda, karibu na pwani. Shemeki njo ametengeneza kila kitu. Ametia hata bouchon, kizibo ya chupa, ku ncha ya kila ndoano, isituchome.

Mie nilijitengeneza sawa vile ulinifundisha: nikafunga Gracia ku mugongo na ile pagne yako ya maua, kiisha nikavaa gilet yangu juu yetu wote wawili. Nikajiona mama mwenye akili! Shemeki akashika kichwa.

"Ma Gracia, hapana! Pirogue ikipinduka, gilet itakulalisha sura juu, mugongo chini. Mutoto atakuwa wapi?"

Mama, nikafungua ile pagne mbio. Shemeki akaenda ku jirani, akarudi na gilet ya kipimo ya Gracia, yenye kamba ya kupita katikati ya miguu. Pagne yako tumeifunga juu ya pirogue, itamufanyia kivuli.

Basi usiogope. Ukituombea, omba tu samaki mukubwa, nitaikausha na chumvi nikuletee, ukule na bukari ya unga ya mahindi. Tunakupenda sana, Mama. Shemeki anaita: "Ma Gracia, mayi imetulia, mupande!" Mukono ya Gracia nimeishika, siwezi kuiacha niandike zaidi.