Kaburi la Mzee Lazaro Bado Halijaisha

Bujonde, kwa Mzee Lazaro

Mdogo wangu Yakobo,

Ugonile! Mimi ni mzima, nakula wali mpaka mkanda umehama tundu. Shemeji na binti yenu Nancy hawajambo? Kabla hujauliza mengine, yafute kwanza uliyoyasikia. Wanaosema nimeoa mjane huku Bujonde wanakosea, wanaosema nimerogwa wanakosea, na mke wangu Naomi, anayesema nimemkimbia, anakosea kuliko wote. Mjane gani anikubali na miguu hii? Hadithi hii anayeijua ni mimi.

Unajua kuanzia Busale mpaka mpakani hakuna bango ambalo halikupita mkononi mwangu. Shule sikwenda, herufi nilizijua kwa kuzichora, lakini hakuna mwalimu anayenifikia kwa herufi M. Nancy wako anasema siku hizi kazi yangu inaitwa dizaina wa kujitegemea. Mwambie nilikuwa dizaina kabla kompyuta yake haijaota meno.

Basi mwezi wa tatu Mzee Lazaro, huyu mwenye kokoa nyingi, akaniita nimpambie kaburi lake angali hai, maana anasema wanawe hawana macho, watamzika kwenye kitu kama choo. Mimi na mdomo wangu nikamwambia mbele ya watu kwamba siondoki mpaka aridhike. Yakobo, neno hilo mwambie Nancy asilitamke kwa mteja hata akiwa na homa. Nilikuwa najisifu sina bosi. Sasa ninaye, anakuja kukagua na kigoda chake.

Alianza kwa kusema ua langu la tailizi linafanana na kabichi. Nikabadilisha. Njiwa akamwita kuku aliyenyeshewa. Halafu akasema L ya jina lake imekaa kilevi. Nikamwambia Tata, hata wewe ukisimama unakaa hivyo hivyo, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema bado. Brashi zangu akazifungia kwenye sanduku, ufunguo kautundika shingoni, ananigawia moja moja kama dawa. Leo ni mwezi wa nane. Nikiamka kaburi, nikila kaburi, na ndotoni naambiwa bado.

Naomi naye ametuma ujumbe kwamba Jumamosi binti yetu Kisa anaolewa, na nisipoonekana nisirudi tena. Ana haki.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Mzee aliridhika zamani. Mwezi wa sita alikaa kwenye kigoda, akalitazama kaburi, akasema limetosha, ndaga fijo, asante sana, niende kwangu. Kisha akaingia ndani akalala, akakataa uji siku mbili. Binti yake Georgina akaanza kuwapigia simu ndugu. Mimi nikachukua nyundo, nikabandua lile ua, nikamwambia kupitia dirishani kwamba lilikaa vibaya na jina langu siliachi hapo. Akatoka na fimbo, akaniita mwizi wa saruji, akaniita mambo ambayo siwezi kuyaandika, na alipomaliza kutukana akaomba ugali.

Tangu hapo kila Jumatatu naharibu kitu. Anajua. Hasemi, nami sisemi, tunagombana tu.

Nilidhani naweza kutoroka kidogo. Wiki iliyopita nilikwenda Kyela mjini kununua rangi, nikalala huko siku moja. Kurudi nikamkuta amegeukia ukutani, na suti yake ya kuzikiwa imetundikwa mlangoni. Ilibidi nimgeuze njiwa kuwa bata ndipo akanyanyuka.

Kwa hiyo Jumamosi simama wewe mahali pangu, mdogo wangu, umkabidhi Kisa. Akilia mwambie baba yake ni mjinga, atacheka, anajua. Naomi mwambie lolote utakaloona linafaa, ila lisiwe la mjane. Wasalimie wote hapo Katumba Songwe, na wanaonidai mabango wasalimie mara mbili.

Ni mimi kaka yako,
Aliko, fundi

Lile la ufunguo shingoni nimelitunga. Nilitaka uone kwamba nimefungwa na mtu. Sanduku halijawahi kuwa na kufuli.