Kimemeko

Conso, pokea simu basi.

Unalikumbuka lile neno nililowatungia wajawazito wangu kliniki? Kimemeko. Kichwa kinapasuka, macho yanaona vimulimuli, ujue presha imepanda, usisubiri, njoo. Ulinicheka sana.

Leo asubuhi Mwanasha kaja, mimba ya miezi minane. Mimi niko semina huku Lindi, zahanati nimemwachia nesi mgeni. Mwanasha kamwambia, "Nesi, nina kimemeko tangu alfajiri."

Conso, kacheka! Kamwambia, "Kimemeko ndiyo nini? Hilo neno halipo. Nenda kapumzike."

Hata presha hakumpima. Hata presha!

Mama mkwe wake kagomba pale mlangoni: "Kwenu ndiko halipo. Huku kila mwenye mimba analijua." Wapi! Wakarudishwa.

Hawajafika mbali, Mwanasha kaanguka kwenye mikorosho. Kifafa cha mimba.

Wamemkimbiza huku Lindi, nami nimekuja mbio hospitali. Mtoto katolewa kwa upasuaji, anapumua. Mwanasha hajafumbua macho.

Neno nimelitunga mimi, Conso. Kijiji kizima nimekifundisha, nikasahau kumwambia mtu mmoja tu, yule niliyemwachia ufunguo.

Mama mkwe yuko hapa kanishika mkono. Hajanilaumu, bora angenilaumu. Kasema, "Nesi, mwanangu, ukirudi wafundishe wajawazito wengine neno ambalo wenzako watalisadiki."

Nipigie.