Jaji Aliyechoka na Farasi

Shikamoo Baba,

Leo nimepita mtihani wa mdomo wa historia hapa chuoni. Ningeanguka, ufadhili wangu ungekatwa. Niliulizwa kuhusu mwanasiasa mmoja wa miaka ya mwanzo ya taifa la Marekani aliyekuja kuwa jaji: "Kwa nini aliacha kazi ya ujaji?" Nikasahau kila kitu! Kisha nikakukumbuka wewe ulipokuwa hakimu, ukirudi kutoka kusikiliza kesi Marsabit, vumbi hadi kwenye nyusi, huna hata nguvu ya kula. Nikajibu, "Alichoka kuzunguka mji hadi mji kwa farasi akisikiliza kesi, mbali na mkewe." Profesa akatabasamu. "Sawasawa kabisa."

Nje joto la Doha lilinipiga usoni, lakini nilicheka peke yangu. Nikanunua karak, chai yao ya maziwa na iliki, na chapati, nikala nimesimama.

Nakupenda, Baba. Mkumbatie Mama.

Wanza wako