Nahodha alivyopigishwa simu

Shoga, sikia ya leo kwenye chumba chetu cha matibabu cha timu.

Namfunga nahodha bandeji ya mguu, mara kocha huyu hapa kaingia: "Timu naisuka upya. Yule Twiga wa wapinzani mkataba wake umekwisha, yuko huru. Wewe anakusikiliza, mpigie aje."

Twiga anacheza namba ya nahodha! Namba ile ile!

Nahodha akachukua simu yake. Akapiga, spika wazi.

Twiga akauliza, "Kaka, nikija mimi, wewe utacheza wapi?"

Kocha akainamisha macho. Kocha, shoga, yule simba!

Nahodha akamjibu, "Mdogo wangu, mkataba wangu unaisha Ijumaa na sijaambiwa neno. Wewe njoo tu."

Akakata simu, akamgeukia kocha: "Mchezaji umeshampata. Haya, na mimi niambie."

Kocha akafungua mlango, akatoka.