Sikucheka Msiba wa Mjomba

Dada Kabula,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, hata kama bado amenuna. Goti lake linaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi kilichokusumbua tangu Pasaka kimekwisha? Mimi nakula, nalala. Shida yangu ni moja, nami nimeificha mpaka imenitia aibu mbele yenu.

Dada, sikucheka msiba wa Mjomba.

Siku ile Mama aliponipigia kwa video, nilimwona midomo tu ikicheza. Sauti ilinijia kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nikadhani ananisimulia habari za mpunga. Nikatabasamu, nikasema, "Vizuri sana, Mama, Mungu ni mwema." Akanitazama, akakata simu. Ndipo ukaja ujumbe wako: "Mjomba amefariki, wewe unacheka? Huko Polandi mmefundishwa nini?" Nilijifungia bafuni nikalia. Na bado nikakudanganya kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao haukuwa na kosa. Masikio yangu yanakufa.

Kiwanda chetu kinakata mabati ya makopo, na mashine zake zinapiga kutwa nzima. Tulipewa vifuniko vya masikio, lakini mimi niliona kushinda pale bila muziki ni kifungo. Unanijua. Nikawa navaa vispika vya masikioni chini ya vile vifuniko, naongeza sauti hadi mwisho ili nyimbo zishinde kelele za mashine. Miaka miwili, Dada. Mashine zilinipiga kwa nje, mimi nikajipiga kwa ndani, tena kwa kitu ninachokipenda kuliko vyote.

Aliyegundua ni Otieno, mtu wa Rorya tunayekaa naye chumba kimoja. Siku moja alinishika bega kwa hasira. "Masanja, nimekuita mara nne! Umenikasirikia?"

"Hujaniita," nikamwambia.

Akaenda nyuma yangu, akapiga makofi. Nilijua amepiga kwa sababu nilimwona kwenye kioo cha dirisha. Kesho yake akanipeleka kwa daktari, akawa ananiandikia maelezo kwenye karatasi: sikio la kushoto limekwisha, la kulia litabaki na kidogo nikiacha mashine, nisipoacha nalo litakwenda.

Sasa lile swali lako. Ulinirekodia mwezi wa saba ukiuliza wimbo wangu namba moja wa kiangazi ni upi, kama tulivyokuwa tukibishana utotoni nje ya duka la kanda pale Mkuyuni. Nilirudia mara tisa ndipo nikakuelewa. Hukujibiwa kwa sababu niliogopa.

Wa tatu ni ule wa vijana wa Dar unaopigwa kwenye kila harusi huko. Ngoma yake inanigonga kifuani. Maneno sikuyapata, Otieno aliniandikia nyuma ya boksi la maziwa, na kusema kweli ni maneno ya kipuuzi, lakini boksi sijalitupa.

Wa pili ni ule wa kulimia aliokuwa akiuimba marehemu Baba. Huo nausikia mzima, kwa kuwa nauimba mwenyewe.

Namba moja ni ule mlioimba kaburini kwa Mjomba, ulionitumia kwa video bila hata salamu. Nimeuweka kwenye sikio la kulia sijui mara ngapi. Besi za akina baba nazisikia. Ngoma naisikia. Lakini nyinyi wa sauti ya kwanza, ile nyembamba, Dada, hampo. Naona kinywa chako kimefunguka, machozi yanakutoka, na hakitoki kitu. Nimeongeza sauti, nimekosa. Sauti yako ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Nimemwambia msimamizi kwamba mwezi huu ndio wa mwisho. Aliniuliza nitafanya kazi gani nyumbani. Mimi ni fundi spika. Nani pale Mkuyuni atamwachia spika yake fundi asiyesikia? Ninakuja mikono mitupu na nusu ya sikio, na sijui Mama atanipokeaje. Dada, nisaidie. Msomee barua hii taratibu, na ukifika pale pa Mjomba umshike mkono.

Nisalimie shemeji, na wanao. Mwalimu wa kwaya mwambie wimbo wake umeshinda wote. Mke wa Mjomba umpigie magoti kwa niaba yangu, nikifika nitapiga mwenyewe. Barua hii nimempa muuguzi mmoja wa Ilemela anayekuja likizo. Atapita hapo kwenu Mkolani tena kabla ya kurudi huku. Mpe majibu yenu kwenye karatasi, na Mama aseme lake, wewe uandike kama alivyolisema, hata likiwa chungu.

Usinipigie simu, Dada. Nitaiona ikiwaka, nami sitaweza kuipokea.

Mdogo wako akupendaye,
Masanja